Kakao ya Kunywa Isiyotiwa Sukari: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani kwa Punje Zetu Wenyewe



Wilaya ya Kyela ndiyo itoayo sehemu kubwa ya kakao yote ya Tanzania. Hata hivyo, mgeni akifika katika nyumba ya mkulima wa Ipinda au Matema, aghalabu hukaribishwa kwa chai iliyokolea sukari, au kwa unga wa kakao ulionunuliwa dukani katika kopo. Ni nadra kukaribishwa kwa kakao iliyovunwa chini ya migomba iliyo nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Wakulima wengi wamepanda, wamevuna, wamevundika na kuuza kakao (au kokoa, kama wengi wetu tunavyoiita) kwa miaka mingi, bila kupata kujua ladha ya kile wanachokiuza.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza nyumbani mchanganyiko mkavu wa kakao ya kunywa usiotiwa sukari. Ziko sababu mbili za kuyaandika katika taarifa ya ushirika, ambayo kwa kawaida hushughulika na minada, makato na mizani. Ya kwanza ni afya. Ugonjwa wa kisukari si tena jambo la kusikia kwa watu wa mijini. Umo katika kaya za wanachama wetu. Ya pili yahusu ubora wa zao lenyewe, nayo nitaieleza kwa urefu, kwani ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza hebu tutazame kopo la dukani. Kanuni ya kuandika viambato katika vyakula vya kopo ni kwamba kile kilicho kingi kwa uzito hutangulia. Msomaji akisoma maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa makopo mengi ya unga wa kakao wa kunywa, ataona kwamba neno la kwanza ni sukari, na kakao hufuata nyuma. Basi mzazi adhaniaye kwamba anampa mwanawe kakao, kwa kweli anampa sukari iliyotiwa rangi na harufu ya kakao. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu zote mtu azipatazo kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke hadi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima, kiasi hicho cha pili ni karibu gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Anywaye vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu amekwisha kukifikia kabla ya jua la utosi. Na asali pia imehesabiwa humo. Wapo wanaodhani kwamba kuweka asali mahali pa sukari ni kuikimbia sukari, sivyo.

Sasa nije kwenye ubora. Sukari huficha mengi. Kakao iliyovundikwa siku mbili tu, au iliyokaushwa juu ya moshi, au iliyoshika ukungu, ikitiwa sukari ya kutosha hunyweka. Ikinywewa bila sukari haifichiki: ulimi hukauka na kukunjamana kama wa mtu aliyekula ndizi mbichi, au huonja moshi, au huonja uvundo wa ghala. Kwa hiyo mkulima atakayetengeneza kinywaji hiki kwa punje zake mwenyewe ataipima kazi yake kwa kipimo kile kile kinachotumiwa na watengenezaji wa chokoleti walio ng'ambo, ambao huonja kabla ya kununua.

Hapana budi tufahamu kinachotendeka katika sanduku la kuvundikia. Punje mbichi imezungukwa na ute mweupe mtamu. Tukizirundika punje na kuzifunika kwa majani ya migomba, hamira ya asili huugeuza utamu ule kuwa kileo, kisha vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki. Rundo hupata joto la kiasi cha nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. Joto hilo pamoja na siki huiua mbegu, ukakasi hupungua, na ndani ya kiini hutengenezwa vile vitu ambavyo baadaye, vikikutana na moto wa kikaango, vitatoa harufu ya chokoleti. Kazi hii huhitaji siku tano hadi saba, na rundo sharti ligeuzwe kila baada ya siku mbili ili hewa ipenye. Punje ambayo haikuvundikwa hata ukiikaanga mchana kutwa haitatoa harufu hiyo, kwani haimo ndani yake.

Makatibu wanalifahamu jaribio la kukata. Kwa kipimo cha kimataifa hukatwa punje 300 kwa urefu wake, na ili kakao iwe ya daraja la kwanza, punje zenye ukungu zisizidi 3 kwa 100, za kijivu zisizidi 3 kwa 100, na zilizoliwa na wadudu, zilizoota au zilizosinyaa kwa jumla zisizidi 3 kwa 100. Kwa matumizi ya nyumbani yatosha kukata punje 20. Ndani zikiwa na rangi ya kahawia na mipasuko mingi, zimeiva vema. Zikiwa na rangi ya zambarau, zimevundikwa nusu. Zikiwa za kijivu na zimeshikamana kama jiwe la kunolea, hazikuvundikwa kabisa, na usihangaike kuzikaanga. Punje zenye ukungu zitupwe. Moto huua ukungu lakini hauondoi sumu ambayo baadhi ya ukungu huiacha nyuma.

Tuchukue kilo moja ya punje kavu. Chagua kwa mkono, ukitoa mawe, vipande vya maganda, punje zilizoshikana na zilizo bapa. Usizioshe. Tumia kikaango kizito au chungu cha udongo, kwa maana sufuria nyembamba huunguza upande mmoja. Tia nusu kilo kwa mara moja juu ya moto wa mkaa ulio wa wastani, na ukoroge bila kupumzika kwa muda wa dakika 25 hadi 30. Mwanzoni utasikia harufu kali ya siki; hiyo ni ya kawaida, itatoka. Baadaye maganda yataanza kulia kwa kupasuka, na harufu itageuka kuwa kama ya mkate unaookwa. Toa punje moja, iache ipoe, uisugue kwa vidole: ganda likiachana na kiini kwa urahisi, ipua mara moja. Ukingoja mpaka moshi mweusi utoke umekwisha kuunguza, na uchungu wa kuungua hauondolewi na kiungo chochote.

Kukaanga kuna kazi nyingine tusiyoiona kwa macho. Punje zetu huanikwa nje, kuku hupita juu yake, na vumbi hutua. Moto huviua vijidudu vya maradhi vilivyomo katika maganda. Kwa sababu hiyo, ungo uliotumika kuchagulia punje mbichi usitumike kupetea zilizokaangwa mpaka uwe umeoshwa na kukauka kabisa.

Punje zikipoa, ziponde polepole, kisha upepete maganda kama upepetavyo mpunga. Akina mama wa Kyela hawahitaji kufundishwa kupeta. Katika kilo moja utapata kiini karibu robo tatu ya kilo. Maganda yapeleke kwenye migomba yakawe mbolea, lakini usiwape kuku wala mbwa: ndani ya kakao mna dawa ya asili iitwayo theobromini, ambayo binadamu huistahimili lakini huwadhuru wanyama hao.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na mafuta hayo huyeyuka kwa joto lililo chini kidogo ya joto la mwili wa mtu. Kwa hiyo ukitwanga kiini peke yake hupati unga. Unapata uji mzito mweusi ung'aao. Unga mkavu wa viwandani hupatikana kwa kukamua sehemu kubwa ya mafuta kwa mashinikizo makubwa, ufundi uliopatiwa hati katika nchi ya Uholanzi mwaka 1828 chini ya jina la Van Houten. Sisi hatuna mashinikizo hayo nyumbani, wala hatuyahitaji. Pia nashauri msipeleke kiini hiki kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mafuta huziba chekeche, na mwenye mashine atakuwa na haki ya kukasirika.

Njia iliyo nyepesi ni kutwanga kiini pamoja na kitu kikavu kitakachonyonya mafuta. Pima kiini gramu 400 na maziwa ya unga gramu 400. Twanga kwanza kiini peke yake, asubuhi mapema kungali na ubaridi, mpaka kiwe kama chenga za mchele. Ndipo utie maziwa kidogo kidogo huku ukitwanga na kukwangua kinu, kisha mdalasini uliosagwa vijiko viwili vya chai, tangawizi kavu kijiko kimoja, na chumvi nusu kijiko. Chumvi isidharauliwe, hiyo kidogo hupunguza uchungu kuliko mtu anavyotarajia. Chekecha kwa chujio, kilichobaki kirudishe kinuni.

Wengine huongeza unga wa mchele uliokaangwa ili kinywaji kiwe kizito, na mchele wetu unajulikana kwa harufu yake. Ladha ni nzuri, sikatai. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari wanga huo hugeuka sukari tumboni, na shabaha yetu imepotea. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili: zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mchanganyiko wetu, karibu gramu 10, kitakuwa na gramu 2 hivi za sukari hiyo ya maziwa, yaani nusu ya kijiko cha chai. Asiyetaka hata kiasi hicho atwange kiini peke yake, afinyange vidonge vidogo, na kukwangua kimoja kila anapotaka kunywa. Huko Tukuyu kwenye baridi vidonge hivyo hukaza vizuri. Huku kwetu ufukoni mwa ziwa, wakati wa joto, hulainika, na ni afadhali viwekwe ndani ya kopo lililosimamishwa katika maji ya mtungi.

Kwa kunywa, koroga kijiko kimoja cha mezani katika maji ya vuguvugu kidogo mpaka uwe uji laini, ongeza maji ya kikombe kimoja, na uchemshe kwa moto mdogo dakika tano. Usimimine maji ya moto tu kama ufanyavyo kwa unga wa dukani, kwani wetu una chenga na huhitaji kuiva. Matone ya mafuta yakielea juu, hiyo ndiyo dalili ya kakao halisi. Siku za mwanzo ulimi uliozoea sukari utalalamika. Anayeona taabu na apunguze sukari nusu kijiko kila juma, badala ya kuiacha yote kwa siku moja na kuirudia kesho yake.

Ieleweke kwamba kinywaji hiki si dawa ya kisukari. Mgonjwa asiache dawa zake wala mashauri ya zahanati kwa sababu ya kunywa kakao. Tena kakao huchangamsha mwili kama kahawa, ingawa kwa upole zaidi. Watoto wadogo wasipewe usiku.

Mchanganyiko uwekwe katika chupa au kopo kavu lenye kifuniko, na kijiko kiingiacho humo kiwe kikavu. Mvua za Kyela hazina huruma, na unyevu kidogo waweza kuleta ukungu. Usitengeneze zaidi ya matumizi ya mwezi mmoja. Na lisikae karibu na usipa wala mafuta ya taa, kwa sababu kakao hunyonya harufu kwa upesi wa ajabu. Jambo hili ni la kweli pia kwa magunia yaliyo ghalani, na makatibu wenye maghala yaliyo jirani na wauza samaki walitafakari.

Yamebaki mambo mawili yawahusuyo makatibu. Kwanza, punje za kutengenezea kinywaji ziwe za mwanachama mwenyewe, kabla hajazileta kwenye mizani. Sampuli zinazotolewa kwenye magunia kwa ajili ya jaribio la kukata ni mali ya chama, nazo zina mahali pake katika daftari. Chama kikitaka kufanya maonyesho ya kutengeneza kakao siku ya mkutano, kamati na iidhinishe ununuzi wa punje, maziwa na mkaa, na muhtasari uonyeshe hivyo. Nashauri ziandaliwe birika mbili: moja ya punje zilizovundikwa siku sita, nyingine ya punje zilizovundikwa siku mbili, zote bila sukari, na wanachama waonje kabla ya kuambiwa ipi ni ipi. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, baada ya mavuno kupungua Ivory Coast na Ghana, hata kakao isiyotayarishwa vema ilipata mnunuzi. Mwaka 2025 bei ilianza kushuka, na mnunuzi akiwa na nafasi ya kuchagua huchagua.

Pili, kikundi cha wanachama kitakachotaka kuuza mchanganyiko huu, badala ya kuutumia nyumbani tu, kwanza kipate ushauri wa SIDO na kufuata taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lisimamialo usalama wa vyakula. Kwenye lebo wasiandike "haina sukari", maana maziwa yana sukari yake. Waandike "haikuongezwa sukari", kisha wataje viambato vyote, kile kilicho kingi kwa uzito kikitangulia.