Sarajevo: Kuta zilizorudi na vitabu vilivyookolewa

Leo tunawaalika katika mji mkongwe wa Sarajevo, makao makuu ya Bosnia na Herzegovina, uliozingirwa na kupigwa mizinga tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, kisha ukajengwa upya.

Matembezi huanzia Baščaršija, soko la tangu karne ya 15, ambako mafundi wa shaba wangali wakigonga nyundo zao vichochoroni. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 1531 na kukarabatiwa baada ya vita. Karibu nao umesimama mnara wa saa ambao Mswahili atauelewa upesi kuliko wageni wengine: jua linapozama, mishale yake huonesha kumi na mbili kamili. Kwa kuwa wakati wa magharibi hubadilika, yuko aliyekabidhiwa kazi ya kuirekebisha kwa mkono.

Ukingoni mwa mto Miljacka lipo Vijećnica, jengo lililofunguliwa mwaka 1896 na baadaye likawa Maktaba ya Taifa. Usiku wa kuamkia Agosti 26, 1992, lilishambuliwa na kuteketea pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake. Lilifunguliwa tena Mei 2014, nakshi zake zikiwa zimerejeshwa. Hapa yatupasa kusimama na kuzingatia: kuta zimerudi, vitabu havikurudi.

Tofauti ni maktaba ya Gazi Husrev-beg, iliyoasisiwa mwaka 1537. Wakati wa vita, mkurugenzi wake, Mustafa Jahić, na wenzake wachache waliihamisha mara kadhaa miswada ya kale ipatayo 10,000, wakiibeba katika maboksi ya ndizi kupitia mitaa iliyolengwa na wadunguaji. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku, Abbas Lutumba Husein, mzaliwa wa Congo. Tangu mwaka 2014 hazina hiyo ina jengo jipya, jirani na msikiti.

Basi mzazi atakayejaaliwa kufika huko na wanawe asitosheke na picha za sokoni. Awaoneshe majengo hayo mawili, kisha awaeleze kwamba ukuta uliobomoka hujengwa na fundi, bali kitabu cha pekee kikiungua hakuna wa kukirudisha. Waliolijua hilo mapema hawakuwa na jeshi wala mali. Walikuwa na maboksi na mabega yao.