Sifa za Vitu: Zile Tunazoziona na Zile Zilizojificha

Kila siku tunashika vitu vya aina nyingi. Asubuhi tunachota maji. Tunabeba jembe kwenda shambani. Tunatia chumvi kwenye mboga. Jioni tunawasha mkaa. Vitu hivi tunavijua tangu utotoni. Lakini hebu tujiulize, tunavijua kweli?

Kwa nini chumvi hupotea ndani ya maji, na jembe halipotei? Kwa nini jembe hilohilo likiachwa kwenye mvua huliwa na kutu? Na kwa nini jiko la mkaa, ambalo uani halimdhuru mtu, linaweza kuua watu waliolala nalo chumbani?

Majibu yote yamo katika jambo moja: kila kitu kina sifa zake. Sifa hizo ni za aina mbili. Anayejua aina moja tu amejua nusu, na hiyo nusu nyingine inaweza kumgharimu maisha yake. Basi leo tujifunze zote mbili.

MAADA NI NINI?

Wataalamu wa sayansi huviita vitu vyote kwa jina moja, yaani maada. Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada. Maziwa ni maada. Hewa nayo ni maada, ingawa hatuioni.

Pengine utabisha kwamba hewa si kitu. Haya, jaribu mwenyewe. Chukua glasi tupu. Igeuze mdomo chini, kisha izamishe wima ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji hayaijazi glasi. Ni nini kinachoyazuia? Ni hewa iliyomo ndani. Imeshika nafasi yake. Likumbuke jambo hili, maana tutakutana nalo tena mbele.

SIFA ZA UMBO

Aina ya kwanza ni sifa za umbo. Hizi ni sifa unazoweza kuziona, kuzigusa, kuzinusa au kuzipima, bila kukigeuza kitu kile kuwa kitu kingine. Kwa mfano: rangi, harufu, ugumu, uzito, kuelea au kuzama, kuyeyuka na kuchemka.

Tutazame mkaa. Ni mweusi. Ni mwepesi. Huvunjika upesi. Ukiutia majini huelea. Sasa tutazame chuma. Ni kigumu, ni kizito, kikitiwa majini huzama, na sumaku hukivuta. Hizo zote ni sifa za umbo. Umezijua, lakini mkaa umebaki mkaa na chuma kimebaki chuma.

Sifa nyingine hupimwa kwa vipimo. Maji huganda yakifika nyuzi 0 za sentigredi. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100. Lakini ukipanda milimani, uzito wa hewa inayokandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Katika nyanda za juu kama Makete, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Ndiyo maana mama wa Makete hupika maharage kwa muda mrefu kuliko mama wa Tanga. Maji yake yanachemka, lakini hayana joto kama yale ya pwani.

KITU HUBADILIKA UMBO, LAKINI NI KILEKILE

Kitu kinaweza kubadilika umbo bila kubadilika asili yake. Maji yakiganda huwa barafu. Barafu ikiyeyuka huwa maji. Maji yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukigusa kifuniko cha sufuria huwa matone ya maji tena. Ni maji yaleyale.

Chumvi nayo ni hivyohivyo. Tia chumvi katika lita moja ya maji, ukoroge. Itapotea machoni, lakini haikufa. Ukionja utaikuta. Lita moja ya maji inaweza kumeza chumvi karibu gramu 360. Ukizidisha hapo, nyingine hutuama chini.

Watu wa Uvinza, mkoani Kigoma, waliijua sifa hii zamani sana. Huko kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi mahali hapo tangu miaka kama 1,500 iliyopita. Walichota maji yale, wakayachemsha katika vyungu juu ya kuni. Maji yaliondoka kama mvuke. Chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo ilibaki chunguni. Hawakuiumba chumvi. Waliitenga tu na maji.

SIFA ZA KIKEMIA

Aina ya pili ni sifa za kikemia. Hizi huwezi kuziona kwa kukitazama kitu. Sifa ya kikemia hutuambia kitu kitageuka kuwa nini kikikutana na moto, hewa, maji, au kitu kingine.

Fanya jaribio hili. Chukua sukari vijiko viwili. Kijiko cha kwanza kikoroge katika maji kidogo, uyaache juani kwenye sahani. Maji yakikauka, sukari utaikuta. Umbo lilibadilika, kisha likarudi. Kijiko cha pili kishike juu ya moto. Shikia kwa kitambaa usije ukaungua. Sukari itayeyuka, itakuwa ya kahawia, itatoa moshi, na mwisho itabaki kitu cheusi. Onja kikisha kupoa. Je, utamu uko wapi? Hakuna. Hata ukikitia majini kile cheusi, sukari hairudi. Sukari imegeuka kitu kingine, na sehemu kubwa ya kile cheusi ni kaboni. Kaboni ndiyo hasa iliyo ndani ya mkaa.

Basi dalili za mabadiliko ya kikemia ni hizi: rangi hubadilika isirudi, harufu mpya hutokea, moshi au mapovu hutoka, au joto na mwanga hutokea. Ukiona dalili kama hizo, jua kwamba huenda kitu kipya kimezaliwa.

Mabadiliko mengine ya kikemia huja polepole. Mfano ni kutu. Chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyo hewani, huungana navyo kikawa kutu. Kutu si uchafu uliotoka nje ukaganda juu ya jembe. Kutu ni jembe lenyewe likigeuka kitu kingine. Chuma ni kigumu, kutu ni unga. Ndiyo maana jembe lenye kutu huisha. Ukilifuta jembe, ukalikausha na kulipaka mafuta, umeyazuia maji na oksijeni visikifikie chuma. Huo ndio ujuzi wa kemia, na umeokoa fedha zako.

MKAA ULIOTUPA MAJEMBE

Je, kutu inaweza kurudi kuwa chuma? Kwa maji na sabuni haiwezekani. Lakini wahenga wetu walijua njia inayofanana na hiyo.

Mawe mengi yenye chuma ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kwa asili yake ni ndugu wa kutu. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuru marefu ya udongo. Ndani walipanga mawe hayo pamoja na mkaa, wakawasha moto. Kule Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, watu walifua chuma namna hiyo kiasi cha miaka 2,000 iliyopita.

Ndani ya tanuru mlikuwa na nini? Mkaa uliwaka mahali penye hewa haba. Ukiwaka hivyo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii ina njaa kubwa ya oksijeni. Ilipopita katikati ya mawe yale yenye moto, iliinyang'anya oksijeni yake, na chuma kikabaki peke yake. Kwa gesi hiyo tulipata majembe, mikuki na mashoka.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu msomaji. Gesi hiyohiyo ndiyo inayoua watu chumbani.

MKAA NDANI YA NYUMBA

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, karibu 21 ni oksijeni. Mkaa ukiwaka uani penye hewa tele, kaboni yake nyingi huungana na oksijeni ya kutosha ikawa hewa ya ukaa, na upepo huichukua. Lakini ukiliingiza jiko chumbani, ukafunga mlango na dirisha, oksijeni huanza kupungua. Hapo chumba chako kimekuwa kama tanuru la mhunzi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi.

Tuikague gesi hii kwa sifa zake za umbo. Rangi? Haina. Harufu? Haina. Ladha? Haina. Macho hayawashi na kifua hakikohoi. Yaani sifa zake za umbo hazikuonyi hata kidogo. Moshi wa kuni hutukimbiza nje, lakini mkaa uliokolea hauna moshi, na watu wengi husema, "Sasa umeiva, uingizeni ndani." Hapo ndipo tunapodanganyika. Moshi umekwisha, gesi haijakwisha.

Sifa yake ya kikemia ndiyo yenye hatari. Damu yetu ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Ni kama basi ambalo viti vyote vimekaliwa na wahuni. Abiria halali, yaani oksijeni, hana pa kukaa. Ubongo na moyo hukosa oksijeni. Mtu aliyelala huzidi kulala, na huenda asiamke.

Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee, na mama mjamzito pamoja na mtoto aliye tumboni. Kuna desturi ya kumwekea jiko mama aliyejifungua ili yeye na mtoto wapate joto. Nia ni njema kabisa. Lakini chumba kikifungwa, mama na kichanga wote wawili wamo hatarini.

MAMBO AMBAYO HAYASAIDII

Wapo wanaoweka beseni la maji karibu na jiko. Haisaidii. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kidogo mno.

Wapo wanaofunika makaa kwa majivu. Haisaidii pia. Makaa yanaendelea kuungua polepole kwa hewa haba, na huko ndiko gesi inakotoka.

Wapo wanaosema gesi hukaa chini, kwa hiyo anayelala kitandani yu salama. Si kweli. Gesi hii ina uzito karibu sawa na hewa. Huchanganyika na hewa na kujaa chumba kizima.

TUFANYE NINI?

1. Tusilale na jiko la mkaa ndani, hata kama ni baridi kali. Tuwashe uani na tupikie mahali penye hewa.

2. Tukitaka joto usiku, tutumie nguo nzito, mablanketi, au chupa ya maji ya moto iliyozibwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Mama aliyejifungua na mtoto wake wafunikwe pamoja, ngozi kwa ngozi.

3. Tukitumia jiko kutia joto banda la vifaranga, banda liwe na matundu ya hewa, na mtu asilale humo.

4. Tuzijue dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Watu wengi hudhani ni malaria. Lakini ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wameshikwa kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, shuku gesi kwanza.

5. Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi kwenye hewa safi. Wewe mwenyewe usikawie humo. Kisha mpelekeni hospitali, hata kama amezinduka, kwa maana gesi huchukua saa nyingi kutoka katika damu. Mwelezeni mganga kwamba palikuwa na jiko la mkaa.

Ndugu msomaji, mkaa si adui. Umetupikia ugali na umewapa wazee wetu majembe. Lakini tusiujue kwa weusi wake na wepesi wake tu. Kila unaposhika kitu, uliza maswali mawili. La kwanza: kikoje? La pili: kitageuka nini? Wengi wetu huuliza la kwanza tu. Leo usiku, kabla ya kufunga mlango, uliza na la pili.

MANENO MAPYA

Maada: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi.
Sifa za umbo: sifa zinazoonekana au kupimika bila kitu kugeuka kingine.
Sifa za kikemia: sifa zinazoonyesha kitu kitageuka nini.
Kaboni monoksaidi: gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka kwa hewa haba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sifa tatu za umbo za chumvi.
2. Maziwa yakiganda na kuwa mtindi, je, ni mabadiliko ya umbo au ya kikemia? Toa sababu.
3. Kwa nini pua na macho haviwezi kutuonya kuhusu kaboni monoksaidi?
4. Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi huingiza jiko ndani usiku? Mtawashaurije wenyewe bila kuwavunjia heshima?