Bidhaa bandia: ankara ndiyo kinga ya mwenye duka

MTWARA: Minada ya korosho inapokaribia, wenye maduka wa Mtwara mjini, Kilambo na Msimbati hujaza rafu mapema kwa betri, vipuri vya pikipiki na vipodozi, wakisubiri mkulima alipwe. Mzigo ukibainika kuwa na alama ya biashara ya kughushi, mtaji wa msimu mzima unaweza kupotea, hata kama ulilipiwa fedha taslimu.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), haimbani mtengenezaji peke yake. Kuwa na bidhaa bandia kwa ajili ya kuuza nako ni kosa, na mzigo waweza kukamatwa na kuteketezwa.

Hata hivyo, mwenye mzigo hakuachwa mikono mitupu. Anaweza kujitetea akithibitisha kwamba alichukua tahadhari zote zinazostahili, hakuwa na sababu ya kuushuku mzigo, na alipoulizwa alieleza yote anayoyajua kuhusu aliyemuuzia. Kuthibitisha ni jukumu lake. Aliyenunua ufukweni usiku, kwa bei ya kutupa na bila ankara, hana la kuonyesha.

Haki ya pili ni kumdai aliyemuuzia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachouza. Mwaka 1921 huko Uingereza, katika kesi ya Niblett, katoni 1,000 za maziwa ya kopo kutoka Marekani zilizuiwa na forodha kwa kuwa na jina "Nissly", lililofanana mno na Nestlé. Mnunuzi alilazimika kubandua lebo na kuuza kwa hasara. Mahakama ya Rufani iliamua kuwa muuzaji ndiye aliyevunja mkataba. Sheria ya Tanzania ilifuata ile ya Uingereza, hivyo hukumu hiyo ni mwongozo, ingawa haizifungi mahakama za hapa.

Lakini huwezi kumdai mtu usiyemjua. Kabla ya kulipa, mfanyabiashara adai ankara yenye jina na anwani ya muuzaji, na akiwa na shaka aulize BRELA alama hiyo imesajiliwa kwa nani. Anayeleta mzigo kutoka Unguja akumbuke kwamba Zanzibar ina usajili wake. Alama iliyosajiliwa huko si lazima iwe ya mtu huyo huyo Bara.

Ankara itunzwe mpaka katoni ya mwisho iuzwe.