Graf, Fürst na Mwami: Tatizo la Kutafsiri Vyeo vya Watawala Wadogo

Utangulizi

Mtu akisimama ufukweni Minago, kati ya Bujumbura na Rumonge, huyatazama maji yaliyokuwa yakipitiwa na meli iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuanza kazi ziwani mwaka 1915. Baadaye ilipewa jina la Liemba, na ndilo wengi wetu tunalolijua.

Wanafunzi wengi wanapolisoma jina lile la kwanza hudhani kwamba Graf ni jina la mtu, kama vile Juma au Petro. Sivyo. Mwenye meli kuitwa kwa jina lake alikuwa Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Graf kilikuwa cheo chake cha ukabaila. Je, cheo hicho tukitafsiri vipi? Tuseme mfalme, sultani, chifu au mwinyi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hili si dogo, kwani katika historia ya Burundi jina la cheo liliwahi kwenda sambamba na kukatwa kwa nchi.

Dola ndogo ndogo za Ujerumani

Kabla ya mwaka 1803, nchi tunayoiita Ujerumani ilikuwa na maeneo zaidi ya 300 yaliyojitawala kwa kiasi kikubwa chini ya Kaizari. Mengine yalikuwa nchi za watawala wa kurithi, mengine miji huru, mengine ardhi za maaskofu, na mengine mashamba ya makabaila yasiyozidi vijiji vichache. Vita vya Napoleon vilifagia mengi kati ya hayo. Dola ya Ujerumani ilipoundwa mwaka 1871 zilibaki nchi wanachama 25. Nne zilikuwa na mfalme (König), sita zilikuwa na Großherzog, tano zilikuwa na Herzog, saba zilikuwa na Fürst, na tatu zilikuwa miji huru: Hamburg, Bremen na Lübeck.

Tunaona kwamba Graf hayumo katika orodha hii. Kufikia wakati wa von Götzen, Graf alikuwa na jina, nasaba na pengine mashamba makubwa, lakini hakuwa na nchi ya kutawala. Fürst wa Reuss, kwa upande mwingine, alikuwa mtawala kamili ingawa nchi yake ilikuwa ndogo mno. Ukoo wa Reuss uligawanyika matawi mawili. Tawi la wakubwa, lenye makao yake Greiz, lilitawala kiasi cha kilomita za mraba 317. Nchi kama hiyo ingeweza kuingia ndani ya Burundi zaidi ya mara 80.

Udogo huo ulitokana hasa na urithi. Baba akifa, ardhi iligawanywa kwa wanawe, na wao wakawagawia wao. Jambo la kuchekesha ni kwamba wanaume wote wa ukoo wa Reuss waliitwa Heinrich, wakatofautishwa kwa namba tu.

Waganwa wa Burundi

Msomaji wa Burundi hatashangazwa sana na majina yanayojirudia. Wami wa Burundi walipokezana majina manne kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wazao wao waliitwa waganwa, na kila ukoo ulichukua jina la mwami uliyetokana naye: Batare, Bezi, Bataga, Bambutsa. Ntare Rugamba, aliyepanua nchi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliwaweka wanawe kwenye maeneo ya pembezoni. Mwanawe, Mwezi Gisabo, alipotaka kuwaweka wana wake mwenyewe, ugomvi kati ya Batare na Bezi haukukwepeka.

Hata hivyo, Burundi ilikuwa na breki ambayo Wajerumani hawakuwa nayo. Mwami mpya alipochukua jina lililowahi kutumika, wazao wa mwami wa zamani mwenye jina hilo walishuka, wakaacha kuhesabiwa kuwa waganwa. Kwa hiyo muganwa alitawala eneo, lakini eneo hilo halikuwa dola. Juu yake alikuwapo mwami, na mbele yake ulikuwapo mzunguko wa majina.

Neno "sultani" na mwaka 1903

Wajerumani waliitawala Burundi kwa kutumia Kiswahili. Katika lugha ya utawala wao, "sultani" alikuwa kiongozi yeyote mwenyeji, kuanzia mkuu wa vijiji vichache hadi mwami wa nchi nzima. Mwezi Gisabo mwenyewe aliandikwa kuwa Sultani Kissabo. Neno moja likafunika ngazi zote.

Mwaka 1903 Kapteni von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, alimshambulia Mwezi. Katika mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni, mwami alitozwa ng'ombe 424 na kulazimishwa kuwatambua Kilima na Maconco kuwa watawala huru. Maconco alikuwa mkwewe Mwezi. Kilima alidai kuwa mzao wa Ntare. Kwa kalamu moja watu wawili waliokuwa wakishindana na mwami waligeuzwa kuwa sawa naye.

Hatusemi kwamba neno peke yake liliivunja nchi. Bunduki ndizo zilizofanya kazi hiyo. Lakini palipokuwa na masultani watupu, ilikuwa rahisi kuongeza wawili. Gavana von Götzen hakuridhika, kwa maana alitaka kutawala kupitia mwami. Von Grawert, aliyeshika nafasi ya von Beringe, akamrudishia Mwezi hadhi yake. Maconco aliuawa na Wajerumani, na Kilima akahamishwa.

Tufanyeje darasani?

Kabla ya kutafsiri cheo chochote, mwanafunzi hana budi kujiuliza maswali matatu. Mosi, mtu huyu anatawala nchi au anamiliki ardhi tu? Pili, juu yake yuko nani? Tatu, watoto wake wanarithi nini: nchi, ardhi au jina?

Kwa kufuata maswali hayo, König ni mfalme na Kaiser ni kaizari. Graf wa karne ya 20 ni kabaila. Fürst wa Reuss tunaweza kumwita "mtawala wa kurithi wa nchi ndogo", tukaliacha neno Fürst lilivyo baada ya kulieleza mara moja. Vivyo hivyo, mwami na muganwa yabaki mwami na muganwa. Tukimwita muganwa "mfalme" au "sultani", tunarudia kosa la makarani wa 1903.

Hitimisho

Tawala za watawala wa Kijerumani, wakubwa kwa wadogo, zilikoma mwaka 1918. Ufalme wa Burundi ulifutwa mwezi Novemba 1966, miezi michache tu baada ya mzunguko wa majina kumrudia Ntare. Vyeo vimekwisha, lakini vimebaki katika vitabu tunavyofundishia. Tunawashauri walimu wa Rumonge na Minago wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize: mwami, muganwa, mutware na shefu walitofautianaje? Majibu yao yatakuwa msingi bora wa tafsiri kuliko neno moja linalofunika yote.