Nafsi ya Ajuza na Jicho la Kamera

Mwaka 1945 Hollywood ilitoa Mildred Pierce, ambamo Joan Crawford, aliyetunukiwa Oscar kwa kazi hiyo, aliigiza mama aliyejitesa kwa ajili ya binti asiyeshiba. Na ingawa hadithi hiyo ya mauaji, vivuli na dhamiri isiyopata raha ilimpa mwanamke hadhi ambayo filamu za aina hiyo, ziitwazo noir, aghalabu zilimnyima, kwa kumfanya mtego wa kuwanasia wanaume tu, mwanamke mweusi aliyekuwamo, Butterfly McQueen, alipewa kazi ya mtumishi, na jina lake halikuandikwa miongoni mwa waigizaji. Nafsi ya bibi mwenye nyumba ilichunguzwa hata kilindini. Ya mtumishi haikuulizwa habari.

Kwa mizani hiyo huonekana adhama ya Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar mwaka 2001. Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, amefungwa ulimi na maafa ya utotoni. Daktari wake, Asira, aliyeigizwa na BarbaraO, ni Mmarekani mweusi aliyekuja na elimu ya ng'ambo. Na baina yao hupita Maangamizi, mzee wa kale, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Naitukuza filamu hii hasa kwa sababu mgonjwa asiyesema ndiye anayemvuta daktari kwenye asili ya wahenga, wala ukimya wake haukuhesabiwa kuwa utupu.

Hapa Mamba, bondeni katika nchi ya Wapimbwe, magharibi mwa Tanzania, suala la nafsi ya nani ichunguzwe na kamera si la anasa. Filamu zinazoonyeshwa katika mabanda yetu ya video, ziwe za Dar es Salaam au za Nigeria, mara nyingi humleta ajuza wa kijijini kwa kazi moja, nayo ni uchawi: kamera husimama machoni pake, muziki hubadilika, na watazamaji hutoa hukumu kabla hajafungua kinywa. Kwamba macho yale yameiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, hakuna anayetuonyesha. Na katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma ya macho mekundu. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyonoa panga. Nadai kwamba imetuzoeza kuutazama uso wa bibi kwa hofu, pasipo kuuliza yeye mwenyewe anahofu nini.

Basi noir ninayoitamani ni usiku wa ajuza aliyesikia jina lake likinong'onwa kilabuni, akafunga mlango, asijue anayebisha ni mjukuu wake au mwuaji wake, na kamera ikae ndani pamoja naye mpaka alfajiri. Aseme Kipimbwe, au Kisukuma, au Kifipa, kama wasemavyo watu wa bonde hili, na Kiswahili kiandikwe chini ya picha. Awe na mzaha, choyo na wivu, asifanywe walii. Watengenezaji wa Dar es Salaam wana kamera na mitaji. Waigizaji wa kazi hiyo wako huku bondeni, nao hawajaitwa.