Bastola ya Gemu la Bata Haikurusha Chochote

Waliokuwa watoto miaka ya tisini wameanza kutafuta vitu vyao vya zamani. Wanaagiza mtandaoni zile mashine za gemu za kaseti zenye bastola ya plastiki, wanazichomeka kwenye TV bapa sebuleni, kisha wanawaita watoto waje kuona baba alivyokuwa hodari wa kulenga. Bata wanaruka, baba anafyatua, hakuna anayeanguka. Mbwa anachomoza kwenye majani na kucheka. Baada ya hapo bastola inapelekwa kwa fundi, na fundi akiifungua haoni kilichoharibika, kwa sababu hakuna.

Gemu lenyewe ni Duck Hunt la Nintendo, lililotoka Japani mwaka 1984. Huku kwetu wengi tulilijua kupitia mashine za kuiga, zenye kaseti zinazojigamba kuwa na mamia ya magemu, na ukizipitia unakuta ni yaleyale yaliyobadilishwa majina. Lakini hata mashine hizo za bei rahisi ziliiga sawasawa ujanja wa bastola, na ujanja huo unahitaji TV ya chogo.

Ukivuta triga, mashine haina njia ya kujua umeelekeza wapi. Inachofanya ni kuifuta picha yote, kioo kinakuwa cheusi kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Picha inayofuata inachora mraba mweupe pale alipokuwa bata, na pengine pote panabaki peusi. Kwenye mtutu kuna lenzi ndogo, na nyuma yake kihisio cha mwanga. Kikiona giza halafu weupe, umepata. Kikiona giza mara zote mbili, umekosa. Bata wakiwa wawili, mraba wa huyu unachorwa kwanza, kisha wa yule, na mashine inamjua aliyepigwa kwa kuangalia mwanga umeonekana katika picha ya ngapi. Ule mmweko uliokuwa ukipita kila ukifyatua ndio huo.

Kwa hiyo bastola ni jicho tu. Kinachorusha kitu ni TV: nyuma kabisa, kwenye shingo ya tyubu, kuna kifaa kinachofyatua elektroni kuelekea kwenye kioo, mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Katika mfumo wa PAL tulioutumia Afrika Mashariki, mistari hiyo ilikuwa 15,625 kwa sekunde.

Lile giza la mwanzo liliwekwa kwa ajili ya wajanja. Bunduki ya mashine ya Magnavox Odyssey, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1972, ilidanganyika kirahisi: ukiielekeza kwenye taa, umeshinda. Ya Nintendo ikiona mwanga wakati kioo kinatakiwa kuwa cheusi, inahesabu umekosa. Isitoshe, ndani yake kuna saketi inayochuja mwanga na kukubali ule tu unaopigapiga kwa mwendo wa mistari ya TV, mara elfu kumi na tano na ushee kwa sekunde. Taa ya dari haina mwendo huo.

TV bapa nayo haina. Mwanga wake unatoka nyuma ya kioo, umetulia, na kwa bastola hauna tofauti na wa taa. Tena TV bapa hukaa na picha kidogo ikiichakata kabla ya kuionyesha. Macho yetu hayatambui ucheleweshaji huo, lakini mashine ilishauliza swali lake na kufunga daftari kabla mraba mweupe haujatokea. Ukiondoa tatizo moja, lingine linabaki. Ndiyo maana hakuna mipangilio ya TV itakayokusaidia, hata muuzaji akuambie nini.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba zamani mwanga ulisafiri upande wa pili. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Marekani ilitoa mashine ya kulenga bata iliyoitwa Ray-O-Lite. Humo bunduki ndiyo iliyotoa mwanga, na bata ndiye aliyebeba kihisio. Nintendo walianza hivyohivyo: mwaka 1970 walitoa bunduki ya kuchezea yenye mwanga, iliyotokana na kazi ya Gunpei Yokoi pamoja na Masayuki Uemura, aliyekuwa akiuza seli za mwanga za kampuni ya Sharp. Uemura ndiye aliyekuja kuongoza ubunifu wa mashine ya Famicom ya mwaka 1983, mama wa zile zetu za kuiga. Bata alipohamia kwenye TV hakuweza tena kubeba kihisio, basi kihisio kikahamia kwenye bunduki.

Bastola ya PlayStation, GunCon ya Namco, ilikwenda mbali zaidi. Ilichomekwa pia kwenye waya wa njano wa video, ikawa inajua kila picha inaanza lini, na kwa kupima muda hadi kihisio kuona mwanga, ilikokotoa sehemu hasa uliyolenga. Ni ustadi mkubwa, lakini nayo kwenye TV bapa haioni kitu.

Suluhisho zipo. Sinden Lightgun inatumia kamera inayotambua fremu nyeupe kuzunguka picha. Nyingine zinatumia taa za infraredi zinazofungwa kando ya TV. Zinafanya kazi vizuri, ila ni ghali na zinataka kompyuta na uvumilivu wa kupanga programu. Kwa mtu anayetaka tu kumsikia tena yule mbwa, TV ya chogo ya inchi 14 ni bora kuliko vyote hivyo, na bado zimejaa kwenye stoo za watu. Ukiipata, jaribu na hili: mpe mwenzako pedi ya kwanza uchague gemu la bata mmoja, naye atamwendesha bata wakati wewe unalenga. Wengi tulicheza miaka yote bila kulijua.

Jambo moja tu: usiifungue mwenyewe. Tyubu ya TV ya rangi hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Wala usiwape watoto waivunje kwa ajili ya chuma chakavu, kioo chake kina madini ya risasi. Ikigoma kuwaka, mtafute fundi wa zamani aliyezizoea, umwachie kazi yake.