Safari ya Mpira Ipangwe Mapema

Tangu Septemba 27, 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, wananchi wa Bariadi na ndugu zao wa visiwani Ukerewe wanajiuliza: nasi tutafika uwanjani?

Tunajibu: tutafika, tukijipanga. Njia ipo: basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 hadi Dar es Salaam. Lakini fedha ya pamba isiishie safarini. Chakula cha mwaka na mahitaji ya watoto shuleni vitangulie.

Nao viongozi tunawakumbusha wajibu wao: bei na vituo vya tiketi vitangazwe mapema hadi vijijini, mwananchi asiangukie mikononi mwa walanguzi.